Mfupa wa Ugenini: Kuota kwa Mfupa katika Tishu Laini Baada ya Jeraha na Mgongano wa Tiba Zake

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hali ya mfupa kuota ndani ya misuli, kano na tishu nyingine laini baada ya jeraha, upasuaji au maradhi ya mfumo wa neva. Yanafafanua jinsi mfupa huo unavyojengwa, namna unavyotambuliwa, na njia zinazotumika kuuzuia au kuuondoa. Hoja kuu ni kwamba mfupa huo hujengwa kwa njia ileile ambayo mwili hutumia kuunga mfupa uliovunjika. Kwa sababu hiyo, tiba inayouzuia huweza kuzuia pia uungaji unaotakiwa, na daktari hana budi kuyapima mambo hayo mawili kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Mtu aliyetenguka kiwiko hutarajia mfupa urudishwe mahali pake na mkono urudie kazi yake baada ya wiki chache. Kwa wagonjwa wengi matarajio hayo hutimia. Kwa baadhi yao mambo huenda vingine. Katika wiki ya tatu au ya nne, kiwiko kilichokuwa kimeanza kulegea huvimba tena na kupata joto. Kisha, badala ya kuendelea kukunjuka, huzidi kukaza siku hadi siku. Mgonjwa akijipapasa mbele ya kiwiko hukuta kitu kigumu ndani ya nyama. Ndugu zake husema kwamba mfupa haukurudishwa vizuri, au kwamba damu imeganda na nyama imekakamaa, hivyo mkono unahitaji kukandwa. Picha ya eksirei ya wiki ya sita huonyesha jambo jingine: mifupa ya kiwiko imekaa sawasawa, lakini ndani ya msuli ulio mbele yake pameota mfupa mwingine.

Katika istilahi za kitabibu hali hii huitwa osifikesheni ya heterotopia, jina lililojengwa kwa maneno ya Kilatini na Kiyunani yenye maana ya kufanyika kwa mfupa mahali pengine. Kiswahili hakina istilahi moja iliyozoeleka kwa dhana hii. Wagonjwa husema tu kwamba "mfupa umeota", na kauli hiyo ni sahihi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa kitu hicho huanza kikiwa laini, hukua, hukomaa, kisha huacha kukua. Makala haya yanatumia istilahi "mfupa wa ugenini", kwa sababu kasoro haimo katika mfupa wenyewe bali katika mahali ulipo.

Jambo hili la mwisho linahitaji kusisitizwa mapema, kwa maana ndilo linaloleta ugumu wa tiba. Zipo hali nyingine ambamo chumvichumvi za kalisiamu hujikusanya katika tishu iliyoharibika, kwa mfano katika kano za bega. Mkusanyiko wa namna hiyo ni kama chokaa iliyomwagika: hauna mpangilio wala uhai. Mfupa wa ugenini si hivyo. Ukipasuliwa na kutazamwa kwa darubini, huonekana una tabaka zilizopangwa, mishipa ya damu, seli zinazojenga na seli zinazobomoa, na mara nyingi uboho ndani yake. Ni mfupa kamili.

2.0 Hali hii ilivyojulikana

Madaktari wa majeshi ya Ulaya katika karne ya 19 waliwajua askari wapanda farasi walioota mfupa katika misuli ya ndani ya paja, pale panapobana tandiko, na askari wa miguu walioota mfupa begani kwa kugongwagongwa na bunduki wakati wa gwaride. Katika mifano hiyo chanzo kilionekana wazi: msuli uliumizwa tena na tena mahali palepale.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta mfano usioelezeka kwa njia hiyo. Mwaka 1918, huko Ufaransa, Augusta Dejerine-Klumpke na mwenzake Ceillier walianza kuchapisha uchunguzi wao kuhusu askari waliopooza miguu baada ya kupigwa risasi au vipande vya makombora katika uti wa mgongo. Baadhi yao walikuwa wameota mifupa mikubwa kuzunguka nyonga na magoti, ilhali viungo hivyo havikuwa vimejeruhiwa. Jeraha lilikuwa mgongoni. Mfupa uliota chini yake, katika sehemu ya mwili iliyopoteza hisia. Tangu hapo ilibidi kukubali kwamba pigo la moja kwa moja kwa msuli ni mlango mmoja tu wa kuingilia katika hali hii.

3.0 Jinsi mfupa unavyojengwa

Mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa upasuaji wa mifupa katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alitoa maelezo ya majaribio yaliyobadilisha fikra kuhusu mifupa. Alichukua vipande vya mfupa, akaviondolea madini kwa asidi hata vikabaki kiunzi laini cha protini, kisha akavipandikiza ndani ya misuli ya wanyama. Baada ya muda, ndani ya misuli hiyo paliota mfupa mpya. Mfupa huo haukujengwa na seli zilizopandikizwa, kwa sababu vipande vile havikuwa na seli hai. Ulijengwa na seli za mnyama mwenyewe zilizokuwa ndani ya msuli wake, ambazo zilipokea ishara na kuanza kufanya kazi ya ujenzi wa mfupa. Ishara hiyo baadaye ilitambuliwa kuwa kundi la protini, ambazo hapa zitaitwa protini chochezi za mfupa.

Maana yake ni kwamba uwezo wa kujenga mfupa haumo katika mifupa peke yake. Katika misuli, katika ngozi laini inayoizunguka na katika kuta za mishipa midogo ya damu kuna seli changa ambazo hazijaamua zitakuwa nini. Katika hali ya kawaida hutengeneza nyuzinyuzi za kuziba jeraha. Zikipata ishara nyingine, huenda njia nyingine. Mwaka 1975 Chalmers na wenzake walieleza masharti matatu ambayo lazima yakutane: kuwepo kwa kichocheo, kuwepo kwa seli zinazoweza kuitikia, na mazingira yanayoruhusu. Maelezo hayo bado yanatumika, ingawa leo kila sharti linafahamika kwa undani zaidi.

Jeraha kubwa hukamilisha masharti yote matatu. Msuli uliopondwa huvuja damu. Seli za kinga huja kusafisha mabaki, na katika kazi hiyo hutoa kemikali nyingi, zikiwemo protini chochezi za mfupa na prostaglandini. Ndani ya tishu iliyovimba hewa ya oksijeni hupungua, na upungufu huo huzisukuma seli changa kuwa gegedu kwanza, kwa kuwa gegedu huweza kuishi bila damu nyingi. Kisha mishipa mipya ya damu hupenya ndani ya gegedu, na gegedu hubadilishwa kuwa mfupa.

Msomaji anayefahamu jinsi mfupa uliovunjika unavyojiunga atakuwa ameitambua njia hiyo. Damu, uvimbe, gegedu, mishipa ya damu, mfupa: ndiyo hatua kwa hatua ya kuunga muundi uliovunjika. Hata protini alizozigundua Urist leo hutengenezwa viwandani na kutumiwa na madaktari kusaidia mifupa iliyokataa kuunga, na miongoni mwa madhara yake yanayojulikana ni mfupa kuota pasipotakiwa.

4.0 Wanaopatwa

Makundi yanayopatwa zaidi yanajulikana. Waliovunjika na kutenguka kiwiko kwa pamoja wamo. Wamo pia waliovunjika tundu la nyonga na kufanyiwa upasuaji, na waliowekewa nyonga bandia, ingawa wengi wa hawa wa mwisho huwa na vipande vidogo visivyowasumbua na hawajui kabisa kuwa navyo. Baada ya kuumia ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo, takribani mgonjwa mmoja kati ya watano huota mfupa, mara nyingi nyongani. Walioumia ubongo na kuzimia muda mrefu, pamoja na walioungua sehemu kubwa ya mwili, nao wamo; kwa walioungua, kiwiko ndicho huathirika zaidi, hata pale ambapo moto haukukifikia. Miongoni mwa askari wa Marekani waliokatwa viungo kutokana na milipuko katika vita vya Iraq na Afghanistan, zaidi ya nusu ya vigutu vilivyochunguzwa vilionekana vimeota mfupa, jambo ambalo huleta shida kubwa mguu bandia unapovaliwa.

Katika Afrika Mashariki, ajali za pikipiki huleta kwa pamoja aina kadhaa za majeraha yaliyotajwa: kichwa, uti wa mgongo, nyonga na kiwiko. Mgonjwa aliyeumia kichwa na kuvunjika kiwiko katika ajali moja yuko katika hatari kubwa kuliko mwenye jeraha moja tu kati ya hayo.

Kuna pia ugonjwa adimu sana wa kurithi ambao unapaswa kutajwa kwa sababu ya hatari yake. Watoto wenye ugonjwa huo huzaliwa na vidole gumba vya miguu vilivyopinda kwa ndani. Baadaye kila pigo dogo, hata sindano ya kawaida ya msuli, huweza kuwaotesha mfupa mpya usiorudi nyuma. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakiongozwa na Eileen Shore na Frederick Kaplan, waligundua kwamba chanzo ni badiliko katika jeni iitwayo ACVR1, ambayo hutengeneza kipokezi cha zilezile protini chochezi za mfupa. Kwa watoto hao mlango wa ishara haufungiki vizuri. Kukata uvimbe wao ili kuupima, au kujaribu kuuondoa, huongeza mfupa. Kutazama vidole vya miguu kabla ya kushika kisu ni kipimo kisichogharimu chochote.

5.0 Kutambua

Tatizo la kwanza ni kwamba dalili za mwanzo hazina upekee. Uvimbe, joto, wekundu, maumivu na homa kidogo, pengine wiki tatu hadi kumi na mbili baada ya jeraha, huweza kudhaniwa kuwa jipu, maambukizi ya kiungo, au damu iliyoganda ndani ya vena za mguu. Makosa hayo mawili ya mwisho yanaweza kuua yasipotibiwa, hivyo ni sahihi kuyaondoa kwanza katika orodha. Kwa mgonjwa aliyepooza, ambaye hahisi maumivu, pengine dalili pekee ni kwamba nyonga imeanza kukataa kukunjwa wakati wa kumkalisha kitini.

Picha ya eksirei haisaidii sana katika wiki tatu za mwanzo, maana madini bado hayajaingia. Picha safi iliyopigwa mapema haithibitishi kwamba hakuna kitu. Altrasaundi huweza kuonyesha mabadiliko mapema zaidi, nayo hupatikana katika hospitali nyingi. Kimeng'enya cha fosfatezi ya alkali hupanda katika damu wakati mfupa unajengwa, lakini hupanda vilevile mtu anapokuwa na mfupa uliovunjika, kwa hiyo thamani yake kwa majeruhi ni ndogo.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Uvimbe mgumu unaokua haraka katika paja la kijana hufanana na saratani ya mfupa. Hata kwa darubini, kipande kilichokatwa katikati ya uvimbe mchanga huonyesha seli nyingi zinazogawanyika kwa kasi, na mtaalamu asiyepewa historia ya mgonjwa huweza kusema ni saratani. Kinachotofautisha ni mpangilio. Mfupa wa ugenini uliotokana na pigo hukomaa kuanzia nje kwenda ndani: pembeni kuna mfupa uliokomaa, katikati bado ni laini. Saratani ya mfupa kwa kawaida huwa kinyume chake. Picha ya CT huonyesha gamba hilo la nje vizuri. Ndiyo maana swali la iwapo kijana alipigwa paja uwanjani mwezi uliopita lina uzito wa kitabibu, na jibu lake linapaswa kuandikwa kwenye karatasi inayoandamana na kipande kinachopelekwa maabara.

6.0 Suala la kuchua na kukanda

Kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa mafuta ni tiba ya kwanza ya kiungo kilichoumia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, na waunga mifupa wa jadi huitumia kwa wingi. Haifai kuibeza desturi hiyo yote. Kiungo kilichokaa bila kusogezwa hukaza, na wanaochua wanalijua hilo vyema. Swali ni nguvu na wakati.

Mwaka 1980 Michelsson na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa sungura. Mguu wa sungura ulifungwa usikunjwe, na kila siku ulifunguliwa na kukunjwa kwa nguvu, kisha ukafungwa tena. Sungura hao waliota mfupa ndani ya misuli ya paja. Hakuna mfupa uliovunjwa wala dawa iliyodungwa. Kulazimisha msuli uliokaza kulitosha. Kila mkunjo wa nguvu uliuchana msuli kidogo, ukavuja damu kidogo, na masharti yaliyotajwa hapo juu yakakamilika upya kila siku.

Hili linafanana mno na mkono uliofungwa banzi na kufunguliwa kila jioni ili uchuliwe na kunyooshwa huku mgonjwa akishikiliwa. Lakini halina maana kwamba kiungo kisisogezwe. Mgonjwa anayekunja mkono wake mwenyewe hadi pale maumivu yanapoanza, mara nyingi kwa siku, hapati madhara hayo, na mazoezi ya namna hiyo ndiyo yanayopendekezwa na wataalamu wa fiziotherapia. Mpaka uko kati ya nguvu ya mgonjwa mwenyewe na nguvu ya mtu mwingine.

7.0 Kuzuia, na gharama ya kuzuia

Njia mbili za kuzuia zimethibitika. Ya kwanza ni dawa za kupunguza uvimbe na maumivu, hasa indomethasini, ambayo kwa kawaida hutolewa miligramu 75 kwa siku kwa wiki tatu hadi sita. Dawa hizi huzuia utengenezaji wa prostaglandini. Ni za bei nafuu, lakini huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Ya pili ni tiba ya mionzi, ambayo Coventry na Scanlon wa Mayo Clinic huko Marekani waliieleza mwaka 1981 kwa wagonjwa wa nyonga. Mionzi huzidhuru seli changa kabla hazijashika njia ya mfupa. Dozi moja ya grei 7 hadi 8 hutosha, ila sharti itolewe katika saa 24 kabla ya upasuaji au saa 72 baada yake. Muda huo ukipita, seli zimekwisha kuamua.

Sharti la saa 72 ni gumu kwa nchi ambayo mashine za mionzi ziko katika hospitali chache. Nchini Tanzania mashine hizo zimo zaidi katika taasisi za saratani, kama Ocean Road jijini Dar es Salaam, na hutumiwa na wagonjwa wa saratani wanaosubiri zamu. Kumhamisha mgonjwa aliyetoka kupasuliwa nyonga mkoani, siku mbili baada ya upasuaji, kwa ajili ya dozi moja ni jambo lisilowezekana kwa wengi. Kwa hiyo indomethasini ndiyo njia halisi.

Hata hivyo, gharama kubwa zaidi haiko katika usafiri wala tumbo. Mwaka 2003 Burd na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa waliovunjika tundu la nyonga pamoja na mifupa mingine mirefu. Kati ya waliopewa indomethasini, asilimia 26 walikuwa na mfupa mrefu uliokataa kuunga. Kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 7. Mwaka 2010 Hamid na wenzake walichapisha jaribio la mionzi kwa waliovunjika kiwiko na kupasuliwa. Jaribio hilo lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu asilimia 38 ya waliopigwa mionzi mifupa yao haikuunga, ikilinganishwa na asilimia 4 ya wasiopigwa.

Kwa kuzingatia yaliyoelezwa katika sehemu ya 3.0, matokeo haya yasingepaswa kumshangaza mtu. Dawa haijui mfupa upi ni mwenyeji na upi ni mgeni. Kwa anayewekewa nyonga bandia, ambaye hana mvunjiko unaosubiri kuunga, kinga ina faida bila hatari kubwa. Kwa aliyevunjika kiwiko leo, hesabu hugeuka: mfupa wa ugenini unaweza kukatwa baadaye, ilhali mvunjiko usiounga ndani ya kiungo ni ulemavu mgumu kurekebisha. Kuwapa wagonjwa hawa wawili agizo lilelile kwa sababu tu jina la hatari ni moja ni kosa la kufikiri.

Dawa ya etidroneti, iliyotumika sana zamani kwa waliopooza, inafundisha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Huzuia madini yasiingie, lakini haizuii kiunzi laini kujengwa. Dawa ikiachwa, madini huingia katika kiunzi kilichokuwa kikingoja, na mfupa huonekana kwenye picha kana kwamba umeota kwa usiku mmoja.

8.0 Kuondoa

Si kila mfupa wa ugenini unaohitaji kuondolewa. Kwa nyonga hutumika ngazi nne zilizopendekezwa na Brooker na wenzake mwaka 1973, kuanzia visiwa vidogo vya mfupa ndani ya nyama hadi kiungo kilichofungwa kabisa. Ngazi mbili za mwanzo mara nyingi huachwa. Kwa kijana aliyepigwa paja katika mpira, mfupa mwingi hupungua wenyewe kwa miezi, na kinachohitajika ni subira.

Upasuaji hufanywa pale mfupa unapozuia kazi ya lazima: kula, kuketi, kujisafisha, au unapoibana neva, kama ile ipitayo nyuma ya kiwiko ambayo ikibanwa hutia ganzi kidole cha mwisho. Kwa mgonjwa aliyepooza sababu huwa nyingine: nyonga isiyokunjika humfanya ategemee upande mmoja kitini, na vidonda vya mgandamizo hufuata.

Lini mfupa ukatwe ni suala lenye mjadala. Mwaka 1991 Garland alipendekeza kusubiri miezi 6 baada ya jeraha la kawaida, mwaka mmoja baada ya jeraha la ugwe wa mgongo, na miezi 18 baada ya jeraha la ubongo, ili mfupa ukomae usirudi. Ratiba hiyo ilifundishwa kwa miaka mingi. Uzoefu wa baadaye, hasa kwa kiwiko, umeonyesha kwamba kukata mapema zaidi hakuongezi sana kurudi kwa mfupa, mradi mipaka yake inaonekana wazi kwenye picha. Kusubiri nako kuna bei: gegedu la kiungo kisichosogea huharibika, misuli hunywea, na mfupa wa kweli hupoteza uimara hata ukaweza kuvunjika mezani wakati wa upasuaji. Kwa mgonjwa mwenye neva iliyobanwa, ratiba ya miezi 6 haifai kutumiwa kama kisingizio cha kumrudisha nyumbani.

Baada ya kukata, kinga hutolewa, na hapa mgongano uliojadiliwa hupungua, kwa sababu kwa kawaida mvunjiko wa awali umekwisha kuunga. Mazoezi huanza mapema, katika siku za mwanzo, kwa nguvu ya mgonjwa mwenyewe. Kiwiko mara nyingi hakirudii upeo wake wote, wala si lazima. Uchunguzi wa Morrey na wenzake wa mwaka 1981 ulionyesha kwamba shughuli nyingi za kila siku hufanyika kati ya nyuzi 30 na 130 za mkunjo. Mkono ufikao nyuzi 130 hufikisha tonge kinywani. Ukiishia nyuzi 100 haufikishi, hata kama unanyooka kabisa. Daktari na mgonjwa wanapaswa kuafikiana kabla ya upasuaji ni nyuzi zipi zinazotafutwa: fundi seremala, mama anayebeba mtoto na mtu anayetembelea magongo hawahitaji mkunjo uleule.